Mjadala: Mmarekani hukusaidia haraka na kukusahau haraka. Tuuite ukarimu?

Wakuu, habari za siku. Hili limenikaa kifuani tangu nihame, naomba tulijadili bila matusi.

Aprili 2025 nilihama kutoka North Carolina kwenda California. Kusafirisha mizigo ni ghali, basi tukapakia Corolla hadi dirisha la nyuma likazibika, mimi na shemeji yangu tukashika barabara ya I-40. Inaanzia Wilmington karibu na Atlantiki na kuishia Barstow, jangwani California. Ni kama kilomita 4,100, majimbo 8. Kwa wa nyumbani: toka Dar hadi Tunduma na kurudi, mara mbili, halafu ongeza ya Dodoma.

Siku tano ndani ya gari, mkimaliza kusikiliza kaswida na Bongo Fleva mnabaki kubishana. Sisi tulibishana kuhusu Wamarekani. Shemeji anasema ni watu wakarimu kuliko sisi. Mimi nasema wana kitu kizuri, ila si ukarimu. Mpaka leo hatujapatana.

Kilichozua ubishi ni pancha. Tulikuwa New Mexico, tumeshaipita Tucumcari, upepo unasukuma gari, huoni nyumba wala mti. Tairi la nyuma likalala. Nimetoa jeki, nimetoa spea, nati moja imegoma kabisa. Nikaikanyagia spana kwa miguu yote miwili, wapi. Ikasimama pikapu nyuma yetu. Akashuka mzee, bastola kiunoni, kofia yenye maneno ya siasa ambayo siku nyingine ingenifanya nihamie upande wa pili wa barabara. Shemeji akaniambia kwa Kiswahili, "Mikono ionekane."

Mzee hakusalimia hata. Aliitazama nati, akarudi kwenye pikapu, akaja na kipande cha bomba la chuma kirefu kama mkono. Akalivisha kwenye mpini wa spana, akaegemea mara moja. Nati ikalia kama mbuzi, ikaachia. Akafunga spea mwenyewe, huku mimi nimeshika nati kiganjani kama mtoto wa gereji. Nikampa dola 20, akakataa kwa kichwa. Akasema tusizidishe mwendo kwenye lile tairi jembamba, akapanda gari, akaondoka. Dakika kumi na mbili, shemeji alitazama saa. Hakuniuliza jina, na mimi sikumuuliza lake.

Sasa ndugu zangu, kwetu hili lisingeisha hivyo. Ungeulizwa unatoka wapi, unakwenda wapi, kabila gani, mke umemwacha wapi. Ungepewa namba ya simu. Mwezi ujao ungepigiwa: kijana wangu anatafuta kazi huko mjini. Msaada kwetu ni mlango wa undugu. Yule mzee alisaidia, akafunga mlango.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulilala Amarillo, Texas. Mgahawa ulikuwa ng'ambo ya barabara, ukitupa jiwe linafika, lakini hapakuwa na njia ya waenda kwa miguu. Tukatembea kwenye majani. Gari la kwanza likapunguza mwendo, mama mmoja akashusha kioo: mko salama? gari limeharibika? Tukamwambia tunakwenda kula tu. Akatutazama kama tuliosema tunakwenda kuoga mtaroni. Mahali ambapo anayetembea anahesabiwa kuwa amepatwa na tatizo, jirani utamjulia wapi?

Mgahawani mhudumu alituita "mpenzi" na "asali" mara saba. Shemeji akayeyuka: unaona upendo? Nikamwambia shemeji, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, na Texas ndicho kinachotumika. Ule ni mshahara unaotabasamu.

Hoja yangu basi: tabia ya taifa ipo, na ya Wamarekani ni kumsaidia mtu bila kutaka kuwa naye. Nawasilisha.

*Dereva wa malori, Oklahoma City:*

Mkuu, heshima kwako, ila umeitazama nchi kupitia kioo cha mbele. Mimi huu ni mwaka wa tisa naendesha lori, na I-40 naijua kwa mashimo yake. Siku tano umekutana na watu watatu, tayari una taifa mkononi.

Unataka wakae wapige stori na wewe saa ngapi? Sheria inanipa saa 11 za kuendesha baada ya mapumziko ya saa 10, na kifaa kilichofungwa kwenye lori kinahesabu kila dakika. Nikisimama kukufungia tairi natoa kwenye riziki yangu. Usipime uchangamfu wa mtu aliye kazini.

Baba yangu alipofariki nyumbani, sikuweza kwenda kuzika kwa sababu ya makaratasi. Majirani zangu, ambao kwa miaka minne tulikuwa tunapungiana mikono tu, waliniletea chakula wiki nzima: trei za foili, makaroni, kuku, kitu fulani cha viazi ambacho mpaka leo sijui jina lake. Jumamosi nikaamka nikakuta mzee wa nyumba ya pili anakata majani uani kwangu. Hakugonga mlango. Alimaliza, akasukuma mashine yake, akarudi kwake. Kwa kipimo chako huyo naye alifunga mlango. Mimi nililia pale dirishani, mkuu.

Na ulipopita lile bonde la mto Pigeon, mpakani mwa North Carolina na Tennessee, hukuona? Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilimeza njia nzima upande mmoja. Vijiji vya milimani vilipokatika, watu wa kujitolea walipeleka maji na dawa kwa nyumbu, na walitoka mbali. Hao walikuwa wanatafuta bakshishi?

*Mchangiaji, Mombasa:*

Mleta mada wanichekesha. Hao wasema "u hali gani" bila kungoja jibu, nasi je? Mtu aulizwa "habari?" ajibu "nzuri", kisha ndiyo aseme: "ila mtoto amelazwa tangu jana na nyumba imeingia maji." Kila taifa na kasuku wake.

Lakini kubwa ni hilo la undugu. Nimekaa kamati za harusi na matanga miaka ishirini. Mnalijua daftari. Fulani katoa elfu mbili, fulani kaahidi na hakutoa, fulani hakuja. Yako ikifika, daftari lafunguliwa. Mwalimu mmoja mtaani kwetu alizikiwa mkewe na watu tisa kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuhudhuria. Huo mlango usemao wauacha wazi, ndani yake mna karani. Yule mzee wa bastola kakusaidia na wala hukuandikwa popote. Kati yenu nani mkarimu?

*Dada, Columbus, Ohio:*

Mnajadili tabia ya Mmarekani kana kwamba kila anayepita barabarani hukutana na Mmarekani yule yule. Shemeji mtu alisema "mikono ionekane". Mbona mmeliruka hilo?

Mume wangu akisimamishwa na polisi huwasha taa ya ndani na kuweka mikono juu ya usukani kabla hajaulizwa kitu. Usiku hatupiti miji midogo kama mafuta yanatosha. Watu weusi wa hapa wana historia ndefu ya safari za namna hii. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtumishi wa posta wa Harlem, alianza kuchapa kitabu cha mwongozo chenye orodha ya hoteli, vituo vya mafuta na nyumba za watu ambako msafiri mweusi angepokewa. Kiliendelea kutolewa mpaka baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kuna miji iliyokuwa na mabango ya kumtaka mweusi aondoke kabla jua halijazama. Barabara ile ile, nchi ile ile, tabasamu lile lile kwa wengine.

Sisemi yule mzee hakuwa mwema. Nasema ulipewa wema wa bahati, halafu ukauandikia taifa zima.

*Mwalimu wa historia, Morogoro:*

Nyongeza fupi. Mleta mada amepita milima ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, akafika Oklahoma, ambako jeshi liliwahamishia kwa nguvu mwaka 1838 na 1839. Takriban 4,000 walikufa. Kisha akapita kandokando ya nchi ya Wanavajo, wenyeji wengine wa asili, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, ambako nyumba nyingi hadi leo hazina maji ya bomba. Taifa lipi hasa tunalolitafutia tabia?

*Mleta mada:*

Nimesoma yote, wakuu. Kwa dada wa Columbus sina la kujibu, amenishika. Nilipoandika niliona fahari kusimulia kofia na bastola, nikasahau kwamba sekunde zile kabla mzee hajainama nilikuwa nimeshika ile spana kwa namna nyingine kabisa.

Dereva, pole kwa msiba, na pole ya kuchelewa. Hilo la majani sikulijua. Lakini nakuuliza: baada ya wiki ya trei za foili, kuna hata mmoja aliyeingia kwako akakaa? Kama yupo nafuta mada.

Mwalimu, tulilala Gallup, mlangoni mwa Wanavajo. Tulikula, tukajaza mafuta, tukaondoka bila kuzungumza na mtu. Kwa hiyo na sisi tulishakuwa Wamarekani siku ya nne.

Mombasa, daftari nakubali, mimi mwenyewe nimo kwenye moja Kigamboni na nadaiwa. Ila unasema yule mzee hakuniandika popote. Tulipofika Barstow na kushusha mizigo nilikuta lile bomba lake kwenye buti, chini ya tairi bovu. Aliondoka bila kulichukua, au mimi ndiye niliyelipakia bila kufikiri. Shemeji anasema nilitupe. Liko nyuma ya mlango wa gereji na sijui nimrudishie nani.