Tunarudi Mwanza kusalimia Desemba, tufikie kwa nani jamani?

mama_neema
Habari zenu wakuu, na mwangaluka kwa watu wa kanda ya ziwa. Sisi tulikaa Nyakato miaka mingi tu mpaka 2017 baba Neema akahamishiwa Dar, tangu hapo ni simu na WhatsApp, sasa Desemba tumejipanga twende wote na watoto watatu tukasalimie watu wetu. Nauli tumeshaiweka, kinachonitesa ni kufikia. Kuna Mama Kulwa, tulikuwa ukuta kwa ukuta, nilipojifungua wa pili yeye ndo alikuwa anambeba Neema mgongoni huku anapandisha maji kwenye yale mawe ndoo kichwani, huyo keshasema mnafikia hapa na mjadala umefungwa. Ila ana vyumba viwili na wajukuu juu. Halafu kuna rafiki wa mume wangu walikuwa kazi moja, kajenga Buhongwa, nyumba kubwa, naye keshamwambia mkewe aandae chumba. Wa tatu alishahamia Sengerema. Baba Neema anasema tuchukue lodge yaishe, mimi naona ukilala lodge mji uliokaa na watu wako wapo utasemwa mpaka unaondoka. Nishaurini. Na usafiri wa na watoto siku hizi ukoje?

ngosha_wa_igoma
Karibuni nyumbani mama Neema. Lodge msahau, huku kwetu hiyo ni sawa na kumwambia mtu chakula chako sikiamini. Mi naona mfikie kwa Mama Kulwa, hata kama ni usiku mmoja, mizigo ishuke pale, watoto waoge pale, mle pale, kesho yake ndo mhamie Buhongwa. Aliyekulea ukiwa kitandani ndo wa kwanza hata kama hana sofa. Na huyo wa Buhongwa baba Neema ampigie mwenyewe, asitume meseji, amwambie kabisa tutaanza kwa mama halafu tunakuja kwako kukaa. Mwanaume mwenzake ataelewa, akija kulisikia juu juu ndo atanuna.

binti_kirumba
Ngosha hapo sikubaliani na wewe, we unaongea kama mgeni hujawahi kuwa mwenyeji. Watu watano kwenye vyumba viwili maana yake Mama Kulwa anawaachia kitanda chake analala chini sebuleni na wajukuu, na mkoba wa kikoba unafunguliwa kuku anunuliwe, halafu hatasema kitu anacheka tu. Dada, laleni Buhongwa, ila mchana shindeni Nyakato, tena siku nzima siyo kupita dakika kumi na soda. Nenda naye sokoni asubuhi, au mshuke wote Mwaloni mkanunue sato na dagaa, wewe ndo utoe hela huko huko sokoni, mkirudi mnapika pamoja, ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, mnasonga. Usimpe hela ya bahasha mbele ya watu, utamuaibisha. Na watoto wa Dar wakiona ziwa wataona ni Coco, kwenye maji yaliyotulia yenye majani pembeni wasiingie, kichocho kipo.

suka_mstaafu
Mimi nitajibu la usafiri hayo ya kulala yamenishinda. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja, na watoto kwenye basi moja kwa moja ni adhabu. Pandeni treni ya SGR mpaka Dodoma, ile ya kawaida mtu mzima 31,000 na wadogo nusu, mnafika mapema mnalala hapo, kesho yake alfajiri basi la Singida, Nzega, Shinyanga mpaka Mwanza. Tiketi za Desemba usisubiri Desemba. Halafu uliza mapema basi linaishia stendi ya Nyegezi au ya Nyamhongolo. Kama mnaanzia Buhongwa shukieni Nyegezi, kama ni Nyakato mwende Nyamhongolo, la sivyo mtavuka mji mzima na mabegi na watoto wamelala. Huyo wa Sengerema msimwache, daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, kule kupanga foleni ya kivuko kumeisha, mnaenda asubuhi jioni mmerudi.

mama_neema
Asanteni sana, binti_kirumba umenigusa hapo pa kulala chini, namjua huyo mama atafanya hivyo hivyo. Nimekaa na baba Neema, tumeona mimi na wawili wadogo tulale kwake usiku ule wa kufika, wadogo wanatosha kitanda kimoja na mimi, baba na Neema waende Buhongwa, kesho yake tunawafuata. Amempigia rafiki yake amecheka tu, kasema hata yeye angeanza kwa Mama Kulwa maana kuna kipindi alikuwa anakula pale pale. Swali la mwisho, niwabebee nini kutoka Dar? Na huyu Neema wangu wa miaka 15 hana rafiki aliyebaki kule, anauliza kama kuna wifi.

binti_kirumba
Nazi na korosho dada, nazi huku ni ya kununua kwa mawazo. Kwa Mama Kulwa ongeza doti ya khanga. Msiondoke bila michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, atawafungia tu hata mkikataa. Neema mpelekeni kisiwa cha Saanane, boti dakika chache kutoka mjini, beba vitambulisho mlipe bei ya Mtanzania. Wifi ataikuta Buhongwa, nyumba kubwa hizo hazikosi.

ngosha_wa_igoma
Haya nimeshindwa ila kwa usiku mmoja nimepata 😂 Mkifika Nyamhongolo usiku msikubali bajaji ya kwanza, bei ya mabegi inapandaga.