Fats Waller na besi ya miguu: wapiga kinanda naomba msaada

Kinanda_Tandika:
Wakuu, na shikamooni kwa mlionizidi umri. Huu ni mwaka wangu wa sita napiga kinanda kwaya ya parokia, Tandika. Juzi mwalimu wetu amenisikilizisha rekodi ya Fats Waller, mpiga piano na ogani wa jazz wa Marekani, "St. Louis Blues", ya mwaka 1926, kapiga kwa kinanda cha mabomba, yaani ogani kubwa ya upepo. Nimeirudia mpaka bando limekata. Yuko peke yake lakini besi inatembea huko chini utadhani kuna mtu wa pili! Mimi nikiweka sauti ya ogani nikachangamsha wimbo, inakuwa uji mtupu. Alijifunzia wapi huyu? Na ile besi ni miguu kweli?

Mzee_wa_Ilala:
Marahaba mwanangu. Ni miguu.

Baba yake alikuwa mhubiri pale Harlem, New York, na yeye alianza kupiga kinanda kwenye ibada angali mtoto. Akiwa na miaka kama 15 alikuwa mpiga kinanda wa Lincoln Theatre, anasindikiza sinema za enzi zile zisizo na sauti. Farasi wakikimbia, akimbie nao. Mtu akifiwa, alie naye. Count Basie, aliyekuja kuwa kiongozi maarufu wa bendi ya jazz, alikuwa anakaa sakafuni pale anaitazama miguu ya Waller, anakandamiza pedali, zile nota za kupiga kwa miguu, kwa mikono ajue zinavyokwenda.

Rekodi uliyosikia ilifanyika Camden, New Jersey, ndani ya jengo lililokuwa kanisa.

Sasa uji wako. Nota ya piano ukiipiga inafifia yenyewe. Ya ogani haifi mpaka unyanyue kidole, na hata ukigonga kwa nguvu haiongezeki. Kwa hiyo mdundo unatengenezwa na kunyanyua. Sikiliza tena rekodi, zingatia pale anapoachia, ni mapema kuliko unavyodhani. Mimi nilianzia kinanda cha kukanyaga, miguu kazi yake ilikuwa kupuliza upepo tu. Siku nilipokaa kwenye chenye pedali nilivua viatu, na bado nilikuwa nazitafuta kwa macho. Miezi mingi ilipita kabla hazijanitii.

BintiKigamboni:
Mzee, hiyo jazz ndiyo ile ya Dar es Salaam Jazz na Western Jazz?

Mzee_wa_Ilala:
Jina tu, binti yangu. Zetu zilikuwa bendi za dansi, magitaa na matarumbeta. Waller alifariki Desemba 1943, nimonia, ndani ya treni karibu na Kansas City. Miaka 39. Kila nikikumbuka naumia.

Kinanda_Tandika:
Jana mazoezini nimeacha staili zote za mashine, ile midundo inayojipiga yenyewe, nikapiga besi kwa mkono wa kushoto, nota fupi fupi. Waimbaji wa sauti ya kwanza wote wamegeuka kunitazama! Mzee, Alhamisi tunaanza saa kumi na moja jioni. Nauli yako ya kuja na kurudi naibeba mimi.