Wajukuu wa Kukhu (kikundi cha familia; Kukhu ni bibi yetu)

Mercy, Nakuru: Habari zenu watu wa nyumbani. Jana nilipika kunde na mrenda kwa munyu, jirani yangu hapa Lanet akauliza nani kanifunza. Nikamwambia ni Kukhu wa Malava. Nikawaza, sisi Kukhu tunamshukuru kwa leso tu kila Desemba.

Collins, Kisumu: Kumbe bado unachuja munyu mwenyewe?

Mercy: Ee. Maganda ya maharagwe nayachoma, jivu kwenye kopo lenye matundu chini, maji kidogo kidogo. Kinachodondoka ndicho munyu. Ukizidisha, mboga inawasha ulimi. Kukhu alikuwa anaonja kwanza kwa kidole.

Shangazi Beatrice: Anaonja hadi leo 😊

Baba Mdogo Shikuku: Mercy mwanangu, ulikuwa mdogo. Kaka yangu na mkewe walituacha miaka ile ya tisini, dawa za virusi vya UKIMWI hazijafika huku kwetu. Mama, Kukhu wenu, akabaki nanyi wanne, na ng'ombe mmoja. Karo ilitoka kwa kuku na mboga alizouza Lubao. Elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, alipiga magoti pale jikoni akashukuru Mungu. Nilikuwepo.

Mercy: Kabla ya hapo niliwahi kufukuzwa kwa ajili ya karo. Akanirudisha siku hiyohiyo, akamwambia mwalimu, "Mtoto akae darasani, deni ni langu." Baba Mdogo, kila ninapolipia wangu karo namsikia.

Collins: Mimi nilikuwa naenda likizo tu, lakini alinishika. Ukitumwa mtoni lazima umsalimie kila mzee njiani kwa jina, na ukirudi anakuuliza fulani anaendeleaje. Leo dukani kwangu namjua kila mteja na watoto wake. Hiyo ni kazi ya Kukhu, si yangu.

Ian: Mimi alininunulia seti ya jometri kwa pesa za Inua Jamii 🙏🏾

Baba Mdogo Shikuku: Hizo ni shilingi 2,000 za serikali kwa mwezi, za wazee waliotimiza miaka 70. Zimlishe yeye!

Shangazi Beatrice: Shikuku, usimzuie. Mama akikosa cha kumpa mtoto hata usingizi hapati. Mwache atoe, sisi tuhakikishe sukari na unga havikosi.

Baba Mdogo Shikuku: Sawa. Unga wa mwezi huu niachieni mimi.

Mercy: Basi naomba kitu. Kila mtu atume sauti hapa, amwambie Kukhu jambo moja analofanya leo kwa sababu yake. Si asante tupu. Anayeweza aseme kwa Kikabrasi. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, kwa hivyo Shangazi atamchezea kwenye yake.

Collins: Yangu naituma usiku nikifunga duka.

Shangazi Beatrice: Nimemwambia, amefurahi sana. Lakini anauliza nani atachukua mbegu za miroo, ile mboga ya kienyeji. Ziko kwenye kibuyu, amezichanganya na jivu zisiliwe na wadudu. Hataki zitumwe na matatu. Anataka mtu aje amwonyeshe zinavyopandwa.

Collins: Nina kipande nyuma ya nyumba hapa Mamboleo. Nakuja Jumamosi na watoto.

Ian: Nitarekodi video akipanda, niweke hapa.

Mercy: Na mimi nakuja. Shangazi, mwambie aniwekee na mbegu za mboga ya saga.