Naomba ushauri: suruali za kiuno cha juu kwa mwanamke mrefu

Twiga_Tabata: Habari zenu wapendwa. Kila jinzi ya kiuno cha juu ninayoijaribu Kariakoo hunikaa vizuri kwenye hipsi, lakini huishia juu ya kifundo cha mguu, na nikikaa kiuno hushuka chini ya kitovu. Mwezi ujao ninaanza kazi mpya. Nitapata wapi zinazonitosha?

MamaNasra: Mdogo wangu, mbona hufikirii sketi ndefu? Mimi nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote darasani, na sketi za kushonesha ndizo zilizonisitiri hadi leo nina wajukuu.

Cherehani_Ilala: Dada, jinzi nyingi za mtumba zina lebo yenye W, yaani kiuno, na L, yaani mguu wa ndani, zote kwa inchi. Nenda Karume utafute L34 au L36, hata kwenye mafungu ya wanaume, kisha fundi abane kiuno nyuma, kwa sababu za kiume huachia mgongoni. Una urefu gani, na umeshanunua chochote?

Twiga_Tabata: Futi 5 na inchi 11. Mguu wa ndani ni inchi 44.

Cherehani_Ilala: Swali la pili hujalijibu.

Twiga_Tabata: Nimeshalipa nusu ya bei ya jinzi tatu za L32 kwa muuzaji wa mtandaoni. Hata hivyo kitambaa chake kinavutika, na pindo linaweza kufumuliwa, kwa hiyo sioni tatizo.

Binti_Moshi: Jinzi za namna hiyo kwa kawaida huvutika kwenda upana, si urefu, na pamba ikifuliwa mara ya kwanza hurudi. Pindo nalo lina kitambaa kidogo mno, na ukilifumua hubaki mstari wa rangi usiofutika. Yangu imenikalia kabatini kwa sababu hiyo hiyo.

Mhakiki: Ndugu zangu, futi 5 na inchi 11 ni inchi 71. Ukitoa mguu wa inchi 44, zinabaki 27 za kiwiliwili, shingo na kichwa. Binadamu huyo hayupo. Nahisi huyu ni muuzaji anayetafuta wateja.

Twiga_Tabata: Kaka, sijaja kuuza kitu. Fundi alianzia usawa wa kitovu, akashuka ubavuni hadi chini, akaniandikia 44.

Cherehani_Ilala: Basi huo ni mguu wa nje. Apime upya kuanzia maungio ya mapaja, kisha apitishe futi kutoka kitovuni, katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma, kwa maana kipimo hicho ndicho kinachozuia kiuno kushuka ukikaa. Suruali za kazini shonesha kwa kitambaa cha suti, na uache pindo la inchi 3. Usimalizie fedha kabla ya kuomba ubadilishiwe.

Twiga_Tabata: Asante sana, kaka. Nitaomba anibadilishie mbili. Ile nyeusi nitaichukua, kwa sababu sijawahi kuona jinzi iliyonikaa hipsi namna ile.