Kambale wangu wa akwariamu ana vidonda, naombeni ushauri (nipo Dodoma)

Mama wa Iyumbu:

Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, upande wa Iyumbu. Nina kambale mmoja ninayemfuga ndani kwenye akwariamu. Nilimpata akiwa kifaranga, sasa anapita sentimita 30. Mwanangu wa darasa la tatu ndiye aliyempa jina, Kijeba, na akitoka shule haweki mkoba chini kabla hajamsalimia. Naomba habari za kumkaanga tuziache, huyu ni wa familia.

Ametoka vidonda viwili ubavuni na kingine karibu na mkia. Katikati ni vyekundu, pembezoni kuna utando wa rangi ya kijivu. Sharubu mojawapo imekatika na ncha za mapezi ya kifuani zimelika. Chakula hataki. Anapanda juu kuvuta hewa mara kwa mara kuliko nilivyomzoea, na anajisugua kwenye mawe.

Akwariamu ina urefu wa sm 120, upana sm 40, na maji yanafika kimo cha sm 40. Filta ni ya sponji, inakaa ndani. Tumehamia nyumba hii karibuni, na wakati tunasubiri fundi amalize umeme filta ilikaa kavu siku kadhaa, Kijeba akawa kwenye pipa. Maji ni ya bomba, yanapitia simtanki. Chini nina kokoto na mawe. Hita sina. Anakula chakula cha kuelea cha kambale na mara nyingine maini ya ng'ombe.

Dukani kwa dawa za mifugo wameniambia nimwage majini dawa ya kuku, ile ya unga ya njano. Jirani anasema mrututu. Bado sijaweka kitu. Mtoto ananiuliza kila asubuhi na mimi sina jibu. Naomba kuwasilisha.

Fundi Bwawa:

Pole sana dada. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kumwaga chochote.

Mrututu usiuguse kabisa. Ni shaba ile, na kambale hana magamba, ngozi yake ni ute mtupu. Kiasi ambacho perege anavumilia, kambale kinaweza kumuua. Dawa za kijani za kuua fangasi nazo ziogope vivyo hivyo.

Swali langu: maji yananukaje? Na tangu muwashe filta upya, umebadilisha maji mara ngapi?

Mama wa Iyumbu:

Asante mkuu. Yana harufu kidogo, hasa asubuhi. Nimebadilisha mara moja tu, nikatoa karibu robo na kujaza moja kwa moja kutoka bombani.

Fundi Bwawa:

Basi tatizo nadhani ninaliona, na dawa ya kwanza haiuzwi dukani.

Sponji ya filta kazi yake kubwa si kukamata uchafu. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, taka ya sumu ambayo samaki huitoa hasa kupitia matamvua (viungo vyake vya kupumulia majini), kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina makali sana. Sponji ikikauka wale bakteria wanakufa, na kuwajenga upya huchukua wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo Kijeba anaishi kwenye amonia yake mwenyewe. Amonia inaunguza ngozi na matamvua. Ute ukishaharibika, vijidudu ambavyo siku zote vimo majini vinapata mlango. Vidonda vimekuja baadaye, maji ndiyo yalianza.

Na kwetu hapa kuna jambo la kuongezea. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa ni ya visima vya Mzakwe, maji ya ardhini, magumu, yenye chumvichumvi, na pH yake (kipimo cha uasidi wa maji) si ya chini. Amonia kwenye maji ya pH 8 ina sumu karibu mara kumi ya ile ya pH 7, kwa kiwango kilekile. Mfugaji wa mahali penye maji laini anaweza kuponea pale ambapo wewe huwezi.

Usidanganyike kwa kuwa kambale ni mgumu. Ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana anaishi kwenye tope. Ugumu huo ni wa kukosa oksijeni majini, ngozi yake haijapewa kinga dhidi ya amonia. Akipanda juu kila mara anakuambia matamvua yanamwuma.

Fanya hivi leo usiku. Usimpe chakula kwa siku mbili tatu. Kambale mkubwa kama huyo hafi njaa kwa hilo. Toa theluthi moja ya maji, urudishe maji yaliyolala. Kesho tena, na keshokutwa tena. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye chombo chenye mdomo mpana kwa saa 24, pampu ya hewa ikitoa mapovu ndani kama unayo. Simtanki iliyofunikwa haihesabiki, klorini haina pa kutokea.

Kijana wa Bahi:

Mbukwenyi wote. Mimi nimekulia Bahi, kambale tunawajua tangu utotoni. Ziwa likikauka wanabaki kwenye madimbwi ya tope wamebanana, na wengi unawakuta na vidonda. Mvua zikishuka maji yakajaa, wale waliobaki ngozi inajifunga yenyewe bila mtu kuwapa dawa. Kwa hiyo namuunga mkono Fundi. Maji kwanza.

Ila naongeza chumvi. Chumvi ya kawaida kabisa.

Mama wa Iyumbu:

Chumvi kiasi gani jamani? Naogopa kumuunguza zaidi. Na maji yetu tayari yana chumvi.

Fundi Bwawa:

Ile chumvi ya bombani ni kidogo sana kwa kazi hii, endelea tu.

Akwariamu yako: 120 mara 40 mara 40, ni lita 192. Ukitoa nafasi ya mawe na kokoto tuseme 180. Chukua pakiti moja ya chumvi ya nusu kilo, ugawe mafungu matatu. Fungu la kwanza leo, la pili kesho, la tatu keshokutwa. Kila fungu likoroge kwenye ndoo ya maji mpaka liishe kabisa, kisha mimina taratibu mbali na samaki. Punje zikitua juu ya ngozi yake zinaunguza. Kwa vile kila siku unatoa theluthi ya maji, siku ya tatu utakuwa na gramu 2 hivi kwa lita, na ukiendelea kurudisha chumvi haitapita gramu 3, na hiyo kambale anaivumilia vizuri.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi ndipo wanapoua. Chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Ukitoa maji kwa ndoo, ndipo unarudisha chumvi ya yale uliyotoa tu. Kwako hesabu ni nyepesi: ndoo tatu za lita 20 zikitoka, ndoo tatu zinarudi na theluthi ya pakiti. Hii ni baada ya kumaliza mafungu yote matatu. Kabla ya hapo lile fungu la siku linatosha.

Chumvi inampunguzia mwili kazi ya kupambana na maji yanayoingia kupitia vidonda, inamsaidia kutoa ute mpya, na inapunguza makali ya naitraiti. Kama una mimea ya majini ihamishe, haitaipenda.

Mfugaji Kisasa:

Mimi ningeanza na hita. Huu ni msimu wa baridi, Dodoma usiku inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, na upepo wetu mnaujua. Kambale anataka maji ya nyuzi 26 hadi 30. Akipoa, kinga inalala na kula anaacha. Pandisha mpaka 30 atapona haraka.

Daktari Mifugo:

Nakubaliana na hita, kwenye 30 nina wasiwasi.

Dada, naomba uangalie ule utando wa kijivu kwa tochi, taa ya chumbani ikiwa imezimwa. Ukiona nyuzinyuzi zinazosimama na kupepea majini mfano wa pamba, hiyo ni fangasi, na fangasi hiyo hupenda maji ya baridi. Ukiona utando umelala bapa, rangi ya kijivu inayoelekea njano, na ukingo mwekundu, hao ni bakteria, na kuna aina yao inayokimbia kasi zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Kidonda chekundu chenye shimo bila utando mara nyingi ni kundi jingine la bakteria, Aeromonas, ambao hushambulia samaki aliyechoka.

Kwa kuwa hatuna uhakika, pandisha joto nyuzi 1 au 2 kwa siku na uishie 26. Hita ifunike kwa kizuizi cha plastiki chenye matundu. Kambale hujiegemeza popote usiku, na wa kwako ana nguvu za kuvunja kioo cha hita.

Kuhusu ile dawa ya njano ya kuku. Ni oksitetrasaiklini. Kuimwaga majini Dodoma ni kupoteza pesa, kwa sababu inashikana na kalsiamu na magnesiamu ya maji magumu, na inayomfikia samaki ni kidogo. Hapohapo inaweza kuua wale bakteria wa filta mnaojaribu kuwarudisha. Ikibidi antibayotiki, inachanganywa kwenye chakula, dozi kwa uzito wa samaki, na daktari akiwa amemwona. Samaki asiyekula huwezi kumtibu kwa njia hiyo, ndiyo maana tunaanza na maji.

Jambo la mwisho, na hili ni la mtoto. Bakteria hawa wanaweza kumpata binadamu kupitia mkwaruzo. Asiingize mkono majini mpaka Kijeba apone. Wewe vaa glovu ukiwa na jeraha, na usinyonye bomba la kutolea maji kwa mdomo. Ndoo za samaki zisirudi jikoni.

Mama wa Iyumbu:

Nimeangalia kwa tochi. Umelala bapa, hauna nyuzi. Rangi ni kijivu, kimoja kina njano kidogo. Ukingo mwekundu upo.

Daktari Mifugo:

Basi shikilia nyuzi 26, usizidishe. Kama unaye mtu wa kukusaidia, kidonda kile kikubwa unaweza kukipaka povidone iodine, ile dawa ya kuua vijidudu vya vidonda. Lowanisha taulo laini kwa maji ya akwariamu, mfunge nalo mwili na kichwa (taulo kavu linachuna ute), acha kidonda wazi. Jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani, inachoma vibaya. Kausha kidonda taratibu kwa pamba safi, gusa kwa pamba yenye dawa, subiri kidogo, suuza, mrudishe. Dawa isifike kwenye matamvua wala macho. Ukiona anahangaika sana, mwache. Kumchosha ni kubaya kuliko kidonda.

Mkifunika akwariamu, acheni nafasi ya hewa juu ya maji. Kambale akikosa pa kuvutia hewa anaweza kufa maji. Mfuniko usipowekewa uzito ataruka nje, mgonjwa au mzima.

Binti Mpwapwa:

Dada, hizo kokoto ni zile za ujenzi? Kambale anachimba chini kwa uso akitafuta chakula, kokoto zenye makali zinakata sharubu na tumbo. Ziondoe. Weka mchanga wa mtoni uliooshwa sana, au acha kioo kitupu mpaka apone. Kwa maficho mkatie kipande cha bomba la plastiki la inchi 6, piga msasa kingo. Akipata giza anatulia, na akitulia anaacha kujisugua.

Maini nayo acha kabisa. Yanachafua maji upesi sana. Chakula cha kuelea nunua kidogokidogo, funga vizuri na uweke mahali pa baridi, maana vitamini C ndani yake inapotea kwa joto na kwa kukaa, na kambale akiikosa ngozi yake inachelewa kufunga majeraha.

Mfugaji Kisasa:

Nimesoma ya daktari, nimeelewa. Mimi nina akwariamu ya siku nyingi yenye samaki wazima. Nina sponji ya ziada humo ndani, bakteria wake wapo hai. Nitakupa. Ibebe kwenye mfuko wenye maji, isikauke njiani, uiweke kando ya filta yako. Itakuokolea wiki kadhaa. Nitumie ujumbe tupange pa kukutana, Sabasaba panatufaa wote.

Mama wa Iyumbu:

Mungu akubariki sana kaka. Nakutumia sasa hivi.

Mama wa Iyumbu:

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi.

Maji tumebadilisha kila siku kwa wiki nzima, chumvi kwa hesabu ya Fundi. Kokoto zimetoka. Hita ipo kwenye 26, na nimeifunika. Sponji ya kaka wa Kisasa imefanya kazi, ile harufu ya asubuhi haipo tena. Kidonda kikubwa nilikipaka na mume wangu akimshika, vile vidogo sikuvigusa.

Utando wa kijivu umeondoka wote. Wekundu umefifia, na ngozi imeanza kurudi kutoka pembezoni, nyepesi na nyeupe. Sharubu bado fupi. Jana usiku alikula vidonge vitano vya chakula na akatafuta vingine. Mwanangu alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Hiyo ngozi nyeupe ni kawaida? Na chumvi naiacha mpaka lini?

Daktari Mifugo:

Ni kawaida, ndiyo ngozi mpya, rangi yake itakuja baadaye. Nimefurahi sana. Wekundu ukirudi, au tumbo likavimba, usisubiri: mwone afisa uvuvi wa jiji au daktari wa mifugo, na ikibidi wachukue sampuli. Wenzetu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro nao wanafanya uchunguzi wa samaki.

Kula aongeze taratibu. Siku hizi mpe kidogo mara moja kwa siku, jioni taa ikishazimwa, na kilichobaki baada ya dakika kumi kitoe.

Fundi Bwawa:

Chumvi iache mpaka vidonda vyote vifunge, kisha acha kurudisha. Kila ukibadilisha maji jaza matupu, itashuka yenyewe pole pole bila kumshtua. Maji sasa badilisha robo kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu hivi, halafu mara moja kwa wiki. Sponji ikiziba ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa humohumo kwenye akwariamu, kamwe usiipeleke bombani. Na kwa urefu anaofikia kambale, zaidi ya mita moja, anza mapema kufikiria kumjengea Kijeba bwawa dogo la saruji uani.

Mama wa Iyumbu:

Nimeshaonyesha mume wangu pale nyuma ya jiko, eneo linatosha. Nitafungua uzi wa bwawa, Fundi usipotee.