VPN ya bure imewashwa, lakini matangazo bado yananijua: inalinda nini hasa?

MamaAsha_Kibirizi
Habari zenu ndugu zangu. Nanunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na biashara yangu karibu yote naiendesha kwa simu. Wiki iliyopita nilipakua VPN ya bure, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali ili kuficha ulipo, na tangu hapo inaonyesha kwamba niko Uholanzi. Jana nilitafuta bei ya mifuko ya kufungashia dagaa, na kabla ya magharibi matangazo ya mifuko hiyohiyo, kwa bei ya shilingi, yalikuwa yamejaa kwenye Facebook yangu. Wamenijuaje? Je, ninunue ya kulipia?

Fundi_Mwanga
Mama Asha, VPN hufunika njia tu: kampuni ya simu huona kwamba umeunganishwa na seva fulani, yaani kompyuta ya mwenye VPN, na tovuti huona anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya seva hiyo badala ya yako. Lakini Facebook uliingia kwa jina na namba yako, na tovuti ulikotafuta mifuko huenda iliacha vidakuzi, yaani faili ndogo za kukutambua, kwenye kivinjari chako, kwa hiyo aliyekutambua hakuhitaji kujua uko wapi. Isitoshe, programu uliyoiruhusu kutumia GPS itaendelea kukuona uko Kibirizi. Fungua mipangilio, ukague ruhusa za kila programu.

Mwalimu_Ujiji
Mimi kinachonitia hofu zaidi ni hiyo VPN yenyewe. Mambo uliyokuwa ukiificha kampuni ya simu sasa unamkabidhi mwenye VPN, mtu usiyemjua. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android, wakakuta asilimia 18 hazisimbi data kabisa (haziigeuzi isisomeke na wengine), na asilimia 75 zina vifuatiliaji vya kampuni nyingine. Facebook nayo iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na kupitia VPN yake ikawa inaona watu wanatumia programu zipi nyingine, hadi ilipoifunga mwaka 2019. Kulipia peke yake si dhamana; soma kwanza wanahifadhi kumbukumbu gani. Na kwa kuwa unaitumia kibiashara, kumbuka tangazo la TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) la Oktoba 2023 lililowataka watu wenye kazi zinazohitaji VPN watoe taarifa zake.

MamaAsha_Kibirizi
Ahsanteni sana. Nimekagua, nikakuta programu ya tochi ina ruhusa ya kusoma namba zote za wateja wangu na mahali nilipo. Nimeifuta, na VPN nimeifuta pia. Je, Wi-Fi ya nyumba ya wageni nikilala Tabora?

Fundi_Mwanga
Hapo ndipo VPN ya kuaminika inapofaa, Mama, kwa sababu humzuia mwenye Wi-Fi kuona unatembelea tovuti zipi. Yaliyomo hulindwa tayari kwenye tovuti nyingi na https, yaani usimbaji wa tovuti yenyewe. Ila akikutumia mtu kiungo cha ukurasa bandia wa benki nawe ukaandika namba ya siri, VPN itaifikisha kwa mwizi salama salimini, kwa hiyo shughuli za pesa zifanye kwa bando lako, ndani ya programu rasmi.