Kutoa video msikitini mpaka ukumbi wa kinamama, HDMI yakatika

fundi_wa_harusi: Asalam aleikum wataalamu. Jumamosi n'na harusi Kibokoni, nikahi iko msikitini na kinamama wako ukumbini wataka kumuona bwana harusi laivu kwa skrini. Kamera mpaka projekta ni kama mita 60. N'mejaribu HDMI ya mita 20, 1080p, yaja yakatika mara giza kabisa. Zamani twavuta ule waya wa manjano mbali na picha yaonekana, sasa hii ya bei ghali mbona yashindwa?? Niunge mbili na jointi?

koaksi_tu: Waaleikum salaam. Usiunge kaka, waongeza tatizo. Wa manjano ni analogi, ukirefuka picha yafifia na rangi zachuja lakini mtu aona. HDMI ni dijitali, 1080p60 (picha 60 kwa sekunde) yasukuma kama Gbps 1.5, yaani biti bilioni 1.5 kwa sekunde, kwa kila jozi ya nyaya na jozi za data ni 3, nyuzi zenyewe nyembamba, signali ikichoka hadi risiva haijui hii 0 au 1 basi hakuna kufifia, ni giza. HDMI ya kawaida iwache ndani ya mita 10 hivi, 4K punguza zaidi. Wewe tafuta SDI, ule mfumo wa video ya dijitali wa kamera za kazi: waya mmoja wa koaksi wa RG6, kama ule wa antena ya TV, ohm 75, na risiva yake ina ekwalaiza ya kufufua signali, mita 60 kwake si kitu. Kamera kama haina BNC (tundu la waya wa SDI) weka kanvata huku na kule, ya HDMI kwenda SDI kwa kamera na ya SDI kurudi HDMI kwa projekta.

nyaya_mwembetayari: Ama waya wa Cat6, ule wa netiwaki, na ekstenda ya HDBaseT ya kupitisha HDMI ndani yake, hiyo yafika mita 100 kwa 1080p. Zile ekstenda za bei rahisi nyingi zaishia 50 au 60 kwa hivo uko mpakani. Na usipitishe kwa swichi ya intaneti, ile si netiwaki, waya uende moja kwa moja. Ukiona CCA kwenye ngozi ya waya wacha dukani, ni aluminiamu imepakwa shaba.

fundi_wa_harusi: N'na roli ya koaksi ya RG59 ya CCTV, yafaa?

koaksi_tu: Ohm ni zile zile 75, ila nyembamba yapoteza zaidi, na roli nyingi za CCTV ndani ni chuma kimepakwa shaba. Ipime na kanvata zako kabla ya Ijumaa. Koaksi ya redio ya ohm 50 usiguse hata kama BNC yaingia, signali yagonga yarudi nyuma. Halafu BNC yajifunga ukiizungusha, HDMI mtoto akikanyaga waya imetoka, na hapo bwana harusi ndo yuwasema nimekubali 😂

fundi_wa_harusi: Hehe wataniua. RG6 basi, kesho naenda dukani.